Boston 2023: Kipchoge alishindwa Hopkinton, si Newton

Wanaosema Eliud Kipchoge alishindwa marathoni ya Boston kwenye vilima vya Newton tarehe 17 Aprili 2023 walitazama mwisho wakasahau mwanzo. Chupa ya kinywaji aliyoikosa mezani njiani si hoja. Watangazaji wanaipenda kwa sababu kamera iliinasa. Kosa lilikuwa kushika uongozi tangu Hopkinton, mbio zinapoanzia, na kulivuta kundi kilomita 5 za kwanza kwa dakika 14 na sekunde 17, kwenye njia inayoshuka karibu mita 90 ndani ya kilomita 10. Mteremkoni pumzi haikuonyi, kwa hiyo mtu hujiona mwepesi. Lakini kila hatua paja la mbele linafunga breki: msuli unakaza huku unavutwa, na hapo nyuzi zake huchanika zaidi kuliko wakati wa kupanda. Nguvu hupungua kabla maumivu hayajafika. Kwenye kilomita ya 30 mlima ukaanza kudai, naye mwenyewe alitaja mguu wa kushoto. Akamaliza wa 6, kwa saa 2:09:23.

Mtasema Evans Chebet, Gabriel Geay na Benson Kipruto, waliomaliza mbele yake, walishuka mteremko uleule. Kweli, ila walimwachia yeye kazi ya kuvuta. Na somo si geni: mwaka 1990 Juma Ikangaa alitoka mbio hapohapo, akapitwa na Gelindo Bordin. Ibrahim Hussein, bingwa wa 1988, 1991 na 1992, alijua kusubiri; Cosmas Ndeti mwaka 1993 alishinda akitokea nyuma. Zama hizi za viatu vya kaboni zimewasahau. Kipchoge mwenyewe alirudi vizuri: Septemba mwaka huohuo, Berlin, njia tambarare, ushindi wa 2:02:42.

Somo hilo la mteremko linatuhusu na sisi: mkimbiaji wa Kalemie, hasa anayeanza upya baada ya ugonjwa au mapumziko marefu, kwenye joto la kando ya ziwa, ana hatari kubwa kuliko kushika nafasi ya 6. Msuli ukivunjika sana, yaliyomo humwagika kwenye damu na kuumiza figo. Mkojo ukiwa na rangi ya Coca baada ya mazoezi makali, usiseme ni malaria kabla ya kupimwa, wala usimeze diclofenac, kwani nayo huzielemea figo. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Rudi mazoezini pale tu daktari atakapoona damu na mkojo viko sawa: tembea kwanza, kisha kimbia polepole kwenye tambarare. Mteremko uje mwisho kabisa.