Sikio Lililotangulia

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewafaa wafanyabiashara wengi, lakini kwenye muziki wa metali ule mkali kabisa, yaani deth metali na graindikoo, mambo huenda kinyume. Huko kizuri hakijiuzi. Mtu akikisikia mara ya kwanza hukimbilia kuzima redio. Lazima awepo wa kukitembeza: anayekisikia kabla ya wenzake, anayeyaamini masikio yake, na anayetoa pesa ili kiwe santuri ya kushikwa mkononi. Hiyo ndiyo kazi ya lebo huru. Ni ufundi kamili, sawa na ufundi wa wapigaji wenyewe, na mimi nataka kuusifu kupitia lebo niipendayo kuliko zote: Earache Records ya Nottingham, Uingereza.

Mwanzilishi wake, Digby Pearson, alitoka kwenye mazingira ya muziki wa panki, ambako vijana walirekodi kanda zao wenyewe na kuandikiana barua wakibadilishana. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, na ajira Uingereza zilikuwa haba. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa na mpango wa kuwalipa wasio na kazi pauni 40 kwa wiki wakianzisha biashara zao. Pearson alijiandikisha, na mtaji wake mkubwa ukabaki kuwa kujua ni bendi gani zilizokuwa zinapiga kwa kasi ambayo hakuna kampuni kubwa iliyotaka kuisikia.

Santuri yake ya tatu, iliyopewa namba MOSH 3, ilitoka mwaka 1987. Ni Scum ya Napalm Death, bendi ya vijana wa Birmingham na viunga vyake. Upande wa kwanza ulirekodiwa Agosti 1986, wa pili Mei 1987, na katikati bendi ilikuwa imesambaratika na kuundwa upya. Mpiga ngoma Mick Harris ndiye peke yake anayesikika pande zote mbili. Hebu fikiria uamuzi uliotakiwa hapo. Mfanyabiashara wa kawaida angeona nusu ya kazi ya bendi iliyokwisha kuvunjika, akaiweka kando. Pearson alisikia kwamba nusu ile ilikuwa na uhai, akaichukua, akasubiri nusu nyingine. Leo haiwezekani kuieleza historia ya muziki huu bila kuitaja santuri hiyo.

Ukiisikiliza kwa makini, anza na ngoma. Harris anapiga ngoma ndogo, matoazi na ngoma kubwa ya mguu kwa zamu za haraka kiasi kwamba mapigo hayahesabiki tena, yanageuka ukuta wa sauti. Juu yake gitaa linasaga, na mwimbaji ananguruma kutoka kifuani. Kati ya nyimbo 28 za humo umo You Suffer, wenye urefu wa sekunde 1.316, ambao kitabu cha Guinness kimeutambua kuwa wimbo mfupi kuliko yote duniani. Wengi huutaja kama kichekesho. Mimi nasikia bendi inayouliza wimbo unaweza kupunguzwa hadi wapi ukabaki wimbo, na lebo iliyokubali kulitia swali hilo kwenye santuri. John Peel, mtangazaji wa usiku wa BBC Radio 1, naye alilisikia. Mwaka huohuo wa 1987 aliwaita Napalm Death studioni kurekodi kwa ajili ya kipindi chake, na sauti iliyozaliwa kwenye kumbi ndogo ikaingia majumbani mwa watu nchi nzima.

Lebo nyingi zikishapata mafanikio ya namna hiyo hutafuta bendi kumi za kufanana. Earache ilitafuta tofauti. Mwaka 1989 ilitoa Altars of Madness ya Morbid Angel, Wamarekani wa Florida ambao kasi yao ina hesabu kali na magitaa yanayojipinda. Mwaka huohuo ikatoa Streetcleaner ya Godflesh, bendi ya Justin Broadrick, yuleyule aliyepiga gitaa upande wa kwanza wa Scum. Godflesh hawana haraka kabisa: mashine ya ngoma inatwanga polepole, besi inakwaruza, uzito unakulemea. Mtu aliyependa kasi peke yake asingeichukua kazi hiyo. Aliyeichukua alikuwa anasikiliza ukweli wa sauti, iwe ya mbio au ya kujikokota.

Mfano ninaourudia zaidi ni Left Hand Path ya Entombed, ya mwaka 1990. Vijana hawa wa Sweden walirekodi Sunlight Studio, Stockholm, kwa fundi Tomas Skogsberg. Siri ya gitaa lao ni pedali ndogo nyeusi ya Kijapani, Boss HM-2, yenye vitufe vinne vya kuzungusha: kimoja cha ukubwa wa sauti, kimoja cha sauti nzito, kimoja cha sauti nyembamba, na kimoja cha mkwaruzo. Wao walivizungusha vyote vinne hadi mwisho. Ikatoka sauti ya msumeno wa mnyororo unaokata gogo bichi, na bado ndani yake unasikia noti na huzuni. Fundi mwangalifu angevirudisha vitufe nyuma. Lebo yenye woga ingeomba kazi irudiwe. Hakuna aliyefanya hivyo, na hadi leo wapiga gitaa wa nchi nyingi wanaitafuta pedali hiyo kwa sababu ya uamuzi ule. Kujua wakati wa kutogusa kitu ni sehemu ngumu ya ufundi huu.

Kisha kuna jalada. Chanda chema huvikwa pete, na Earache ilizivika santuri zake vizuri. Altars of Madness na Left Hand Path zote zilichorwa na Dan Seagrave, Mwingereza anayejaza kila pembe ya picha kwa nyuso, mizizi na mawe. Picha zake ni za kutazamwa taratibu, jalada likiwa mapajani na santuri ikizunguka. Kwa Realm of Chaos ya Bolt Thrower, ya mwaka 1989, sanaa ilitokana na ulimwengu wa michezo ya Games Workshop, kampuni ya hukohuko Nottingham. Kijana aliyeagiza kwa posta bila kusikia hata noti moja alikuwa na vitu viwili vya kumwongoza: picha na jina la lebo. Jina hilo lilikuwa dhamana, na dhamana hujengwa santuri moja baada ya nyingine.

Pesa kubwa ilibisha hodi. Mwaka 1993 kampuni ya Columbia ya Marekani iliingia makubaliano ya kusambaza baadhi ya bendi za Earache huko kwao, zikiwemo Carcass na Entombed. Ushirikiano haukudumu. Kampuni kubwa inaweza kununua maduka, malori na matangazo. Imani ya kusikiliza kitu ambacho bado hakina soko haiuzwi pamoja na mkataba.

Napenda pia kwamba lebo hii haikuziacha kazi zake za zamani. Imerudia kutoa baadhi yake kwa mfululizo uitwao Full Dynamic Range, ambamo sauti hazikubanwa zote ziwe na ukubwa mmoja. Ngoma inapopigwa kwa nguvu inaruka, na gitaa linaponyamaza ukimya unasikika. Huko ni kumheshimu msikilizaji na mpigaji kwa pamoja.

Ufundi huu unarithishwa. Lee Dorrian, mwimbaji wa upande wa pili wa Scum, alianzisha lebo yake, Rise Above, mwaka 1988. Na huku kwetu mambo yamekwenda njia ileile. Mwaka 2020 Duma, wanamuziki wawili waliokulia kwenye metali ya Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, walitoa santuri yao kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na dunia ikasikia graindikoo ya Afrika Mashariki iliyochanganywa na mashine. Mwaka 2024 Kanja, kwa jina la Lord Spikeheart, akatoa The Adept kupitia lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu, na kumtunukia Muthoni wa Kirima, nyanya yake mkuu na jemadari wa Mau Mau. Mpigaji amekuwa msikilizaji, na msikilizaji amekuwa mtembezaji.

Basi tukisifu bendi, tusisahau walioziamini zikiwa bado kelele kwa majirani. Nunua santuri kwa lebo yenyewe pale unapoweza. Soma jina lililo nyuma ya jalada, kisha sikiliza kitu kingine chenye jina hilo, hata kama bendi huijui. Hivyo ndivyo sisi mashabiki tunavyolipa deni letu, na ndivyo lebo inayofuata itakavyopata ujasiri wa kusikiliza kile ambacho leo hakuna anayekitaka.