Mfalme wa Kung'olewa

Wakikuyu wanakumbuka mfalme mmoja tu, na wanamkumbuka kwa sababu walimng'oa. Jomo Kenyatta alikiandika kisa hicho katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotoka mwaka 1938. Mfalme aliitwa Gikuyu, mjukuu wa binti mkubwa wa yule Gikuyu wa kwanza, mwanzilishi wa kabila. Alitaka kila mwanamume mwenye nguvu awe jeshini, tayari kuhama na jamaa yake wakati wowote na kwenda kokote atakakoamriwa. Watu hawakupata nafasi ya kulima, njaa ikawauma. Wakamwendea kumsihi awaache watulie wapande chakula, akakataa hata kuwasikiliza. Wakaasi. Kizazi kilichoasi kikaitwa Iregi, na kilichofuata, kile kilichoingia kwenye ardhi kuilima, kikaitwa Ndemi.

Ukiwa Othaya, kwenye miteremko ya chai inayoshuka kutoka Nyandarua, si vigumu kuona kisa hiki kilikuwa na kazi gani. Hii ni nchi ya migongo na mabonde, na zamani kila mgongo ulijiamulia mambo yake kwa baraza la wazee. Hapakuwa na kiti cha enzi, wala mtu wa kukikalia. Msimulizi angeweza kusema hivyo tu akanyamaza, lakini mtoto asiyeona mfalme hataacha kuuliza yuko wapi. Kwa hiyo msimulizi akamleta mfalme, akamtawaza, akampa kosa moja zito kuliko yote machoni pa watu wa jembe, kisha akamwangusha. Katiba nzima imeingia ndani ya hadithi ya dakika tano. Mimi nauita huo ufundi, na sioni kwa nini fundi wake asiheshimiwe kama anayechonga mlango wa Lamu.

Aliyeandika tarehe ya Kilwa, yaani historia ya masultani wa kisiwa hicho cha pwani, alikuwa na haja nyingine. Yeye aliandika kwa Kiarabu katika karne ya 16, Wareno wakiwa wamekwisha kuuteka mji mwaka 1505. Masultani wake walikuwa wameshuka hadhi, na mtu aliyeshuka hadhi huanza kuhesabu babu zake. Akaandika habari za meli saba kutoka Shirazi, baba na wanawe sita, kila meli ikatia nanga mahali pake. Ali bin al-Hasan akaangukia Kilwa, akamkuta mwenye kisiwa, wakapatana bei: nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mwenyeji akachukua nguo zake akahamia bara. Moyoni alikusudia kurudi maji yakipwa, siku hizo kisiwa kikifikika kwa miguu, aje amuue mgeni. Ali akauchimba mlango wa bahari ukawa na kina, na tangu hapo maji hayakupwa tena kiasi cha mtu kuvuka.

Tazama kilichofanyika hapo. Kwanza, kisiwa kimenunuliwa, hakikuporwa, kwa hiyo hakuna wa kudai. Pili, kimelipiwa kwa nguo, bidhaa ambayo kila msikilizaji wa pwani aliijua thamani yake. Tatu, mfalme mpya ameshinda kwa akili na jembe bila kumwaga damu. Na maji yenyewe yapo, yeyote aende akayatazame. Mtunzi hodari hupenda kuitundika hadithi yake kwenye kitu ambacho hakiwezi kubomolewa.

Ali mwenyewe si wa kubuniwa. Sarafu zenye jina lake zimepatikana kwa wingi, na mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, iliibuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, na jina lake limo. Lakini udongo wa Kilwa unaonyesha pia kwamba watu walikuwa wakiishi pale tangu karne ya 9 hivi, kabla yake. Mfalme alikuwako, mji ulimtangulia, na meli saba ni kazi ya kalamu. Hata hivyo Ali ana bahati kuliko Arthur, mfalme wa hadithi za Waingereza, ambaye Geoffrey wa Monmouth alimpa enzi kamili mnamo 1136 akidai amekitoa kisa katika kitabu cha kale alichopewa na rafiki. Kitabu hicho hakuna aliyekiona, na Arthur hana sarafu hata moja.

Wakikuyu hawakuwa na sarafu wala karatasi, ila walikuwa na marika. Vijana waliotahiriwa pamoja walipewa jina la jambo kubwa la wakati huo: Mutung'u kwa ndui, Kimiri kwa homa iliyoua watu baada ya vita vya kwanza vya dunia, Ndege kwa walioiona ikipita juu kwa mara ya kwanza. Majina yalitofautiana toka eneo hadi eneo. Fikiria ukali wa kazi hiyo: mwaka mzima wa vifo, mavuno, kesi na harusi, nawe unaruhusiwa neno moja. Tena neno lenyewe halikai kwenye kabati. Linatembea na watu, linazeeka nao, na mzee akilitaja, anayesikia anajua umri wake na adha aliyoipita. Juu ya marika kulikuwa na vizazi vya utawala, Mwangi na Maina, vikipokezana kwa sherehe ya ituika. Kenyatta anaeleza kwamba zamu ya Maina ilipowadia, kati ya 1925 na 1928, serikali ya kikoloni iliizuia sherehe hiyo, ikiona uchochezi katika nyimbo na ngoma zake. Serikali haikukosea sana. Sherehe ya kuwaondoa watawala ilikuwa na jambo la kuiambia.

Baadaye kalamu ilishika pale sherehe ilipozuiwa, na Nyeri, iliko Othaya, ilikuwa mbele. Stanley Kiama Gathigira wa Tumutumu alichapisha Miikarire ya Agikuyu katika miaka ya 1930, maisha ya watu wake kwa lugha yao wenyewe. Gakaara wa Wanjau aliweka mashine yake ya chapa Karatina, na shajara yake ya kizuizini ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Hao ni waandishi wa tarehe kwa maana kamili, ingawa maduka ya vitabu huwapanga rafu nyingine.

Ufundi huu wa kusimulia una ukatili wake pia, na aliyeonja ni Wangu wa Makeri. Kati ya 1902 na 1909 alikuwa hedimani wa Weithaga, Murang'a, chini ya chifu Karuri wa Gakure, akiitumikia serikali ya kikoloni. Simulizi zikamkalisha juu ya migongo ya wanaume. Zikamchezesha kibata, ngoma ya wapiganaji, hadi vazi likamwanguka. Halafu kuna kisa kingine kikongwe, cha wanawake waliotawala enzi za mabinti wa Mumbi, mke wa yule Gikuyu wa kwanza, wanaume wakapatana kuwapa mimba wakati mmoja na kuwapindua wakiwa wazito. Leo utasikia visa viwili vimekuwa kimoja, na hedimani wa juzi amekuwa malkia wa kale aliyepinduliwa. Kiungio ni safi mno, huoni msumari. Hakika mama huyo hakutendewa haki, maana alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mwaka wa kuanza na wa kumaliza. Lakini kabila lilikuwa na hadithi isiyo na sura, na yeye alikuwa na sura.

Othaya nayo sasa ina mtawala wake wa kusimuliwa. Mwai Kibaki, aliyekuwa rais wa Kenya, alizaliwa huku mwaka 1931, akawa mbunge wa hapa tangu 1974 hadi 2013, akazikwa nyumbani tarehe 30 Aprili 2022. Magazeti yamehifadhi kila kitu: bajeti, hotuba, barabara, elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003. Ni mengi mno kwa tarehe yoyote, na mtu atalazimika kuchagua. Yule mwandishi wa Kilwa, nadhani, angechukua elimu, kwa kuwa aliwapenda wafalme wanaonunua bila kupora. Mimi ningechukua tarehe 30 Disemba. Mwaka 2002 siku hiyo aliapa mchana, katika bustani ya Uhuru iliyofurika watu, akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya gari. Mwaka 2007, siku hiyo hiyo, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, aliapa magharibi ndani ya Ikulu, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na nje nchi ilikuwa imeanza kuwaka.