Chekeche Lililoibua Turbinmaisini

Mtoto mchanga anapoletwa kutibiwa Nduguti akiwa na dalili za maambukizi ya damu, moja ya dawa zinazotajwa na mwongozo wa matibabu ni gentamaisini. Dawa hiyo ilitangazwa mwaka 1963, na chanzo chake ni bakteria wa udongoni wa jenasi ya Micromonospora. Mkalama, wilaya ambayo Nduguti ni makao makuu yake, iko bara hasa: nchi ya alizeti, mtama na vitunguu. Hata hivyo, ndugu wa karibu wa bakteria huyo amekutwa akiishi ndani ya mnyama wa baharini, na kemikali anayoitengeneza inaua fangasi ambaye Nairobi imeshaonja makali yake.

Kemikali hiyo imepewa jina la turbinmaisini. Namna ilivyosakwa inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu uamuzi uliokuwa na akili kubwa zaidi katika kazi nzima haukufanyika baharini. Ulifanyika mezani, kabla hata bakteria mmoja hajapambanishwa na ugonjwa.

Fangasi mwenyewe anaitwa Candida auris. Alielezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 2009, kutoka sikioni mwa mgonjwa nchini Japani. Miaka michache baadaye alikuwa ameonekana katika mabara kadhaa, akiwavamia hasa wagonjwa waliolazwa muda mrefu na wenye mipira mishipani. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilipopitia kumbukumbu zake za kuanzia Septemba 2010 hadi Desemba 2016, ilikuta wagonjwa 201 waliokuwa na fangasi wa aina ya Candida katika damu. Candida auris pekee alihusika kwa asilimia 38 yao, akimzidi hata Candida albicans aliyezoeleka, ambaye alikuwa na asilimia 25. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilimweka kwenye kundi la juu kabisa la fangasi hatari.

Ugumu wa kumtibu una sababu ya kibiolojia. Seli ya fangasi inafanana na seli ya binadamu kuliko seli ya bakteria inavyofanana nayo, hivyo sumu inayomuua fangasi ni rahisi kumuumiza na mgonjwa. Makundi makuu ya dawa za maambukizi ya ndani ni matatu tu, na mojawapo, lenye amfoterisini, linajulikana kwa kudhuru figo. Wapo Candida auris waliokwisha kuwa sugu kwa makundi yote matatu.

Kwa nini basi kwenda baharini? Kwa muda mrefu udongo ndio uliokuwa ghala la dawa. Streptomaisini, iliyoleta matumaini kwa wagonjwa wa kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa aktinobakteria wa udongoni. Hao ndio wanaotoa ile harufu ya ardhi inayopanda mvua ya kwanza inapodondoka. Shida ni kwamba ghala hilo limepekuliwa sana. Mtafiti anachukua udongo mpya, anakuza bakteria, anapata kemikali inayoua vimelea, anatumia miezi kuitambua, kisha anagundua kuwa ni ileile iliyoandikwa vitabuni tangu miaka ya 1950. Kampuni nyingi za dawa zilichoka na mzunguko huo zikaacha kazi.

Timu ya Tim Bugni wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, iliamua kuwatafuta aktinobakteria hao hao mahali pengine: ndani ya wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo. Kati ya mwaka 2012 na 2016 walikusanya sifongo, matumbawe na asidia katika visiwa vya Florida Keys. Asidia ni mnyama mwenye umbo la kifuko laini, anayejishikiza mahali pamoja na kuishi kwa kuchuja maji. Mmoja wao, Ecteinascidia turbinata, huota kwa vishada kwenye mizizi ya mikoko. Mnyama asiyeweza kukimbia wala kuuma anahitaji kinga ya namna nyingine, na mara nyingi sehemu ya kinga hiyo hutengenezwa na bakteria anaowahifadhi mwilini.

Mnyama huyu ana historia inayotoa onyo. Kwake ndiko ilikotoka trabektedini, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2007. Tani nzima ya asidia ilitoa takriban gramu moja tu ya dawa. Ilikuja kubainika kuwa mtengenezaji wake halisi ni bakteria aishiye ndani ya mnyama, lakini bakteria huyo hajakubali kukua maabara. Wakemia walilazimika kupita njia ya mzunguko: kuchukua kemikali inayofanana kiasi kutoka kwa bakteria mwingine, kisha kuibadilisha hatua baada ya hatua hadi iwe dawa.

Kikosi cha Wisconsin hakikutaka kunasa katika mtego huo. Kilishughulika tu na bakteria wanaokubali kukuzwa kwenye sahani za maabara, na bado kilipata takriban aina 1,500 za aktinobakteria. Hapo ndipo kazi ya chekeche ilipoanza. Njia ya zamani ingekuwa kuwapambanisha wote na fangasi na kumshika kila anayeua, jambo ambalo lingewarudisha kwenye uvumbuzi wa vitu vilivyokwisha vumbuliwa. Wao walitanguliza kemia. Kila bakteria alikuzwa, majimaji yake yakakamuliwa, yakapitishwa kwenye mashine inayotenganisha molekuli na kupima uzito wa kila moja. Matokeo ni alama ya kemikali ya kila bakteria. Kompyuta ikazilinganisha alama hizo na kuwapanga bakteria makundi makundi: wanaotengeneza vitu vinavyofanana wakakaa pamoja, na wale wenye molekuli za kipekee wakajitokeza pembeni.

Wakabaki 174 wa kujaribiwa dhidi ya fangasi sugu. Kutoka karibu 1,500 hadi 174, bila kutumia hata panya mmoja! Hapa ndipo penye thamani ya kazi hii, kuliko hata dawa yenyewe, kwa kuwa njia hiyo inaweza kutumika kwa bahari yoyote na ugonjwa wowote. Mbinu za takwimu zilizotumika si siri, na programu za kuzifanyia kazi zinapatikana wazi.

Aliyeibuka mshindi alikuwa Micromonospora mwenye namba WMMC-415, kutoka kwa asidia wa mikoko. Turbinmaisini yake ilijaribiwa kwa panya walioambukizwa fangasi sugu ikafanya kazi. Daktari David Andes wa timu hiyo na wenzake waliona kwamba hata kiwango kilichozidi mara 1,000 dozi ndogo inayotakiwa hakikuonyesha madhara ya kupimika kwa panya. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwezi Novemba 2020.

Namna inavyoua ni ngeni. Inaishika protini ya fangasi iitwayo Sec14, inayosaidia kuunda vifuko vidogo vya kusafirishia mizigo ndani ya seli. Vifuko visipoundwa, seli inashindwa kupeleka vifaa vya ujenzi panapohitajika. Hakuna kundi lolote kati ya yale matatu ya zamani linaloshambulia hapo, na ndiyo maana fangasi aliyezizoea dawa hizo bado anaanguka mbele ya turbinmaisini. Lakini panya si mtu. Turbinmaisini bado si dawa ya kuandikiwa mgonjwa, na njia ya majaribio kwa binadamu ni ndefu na ya gharama.

Mikoko na matumbawe yapo pia Afrika Mashariki, na kazi ya kuwachunguza bakteria wake imeanza Zanzibar. Mwaka 2019 Stephanie Helber, Peter Schupp na wenzao, akiwemo Christopher Muhando wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, walichapisha uchunguzi wa bakteria waishio ndani ya sifongo za huko. Walisoma kipande cha vinasaba kinachotambulisha aina za bakteria, wakaona kila aina ya sifongo ina jamii yake mahususi. Kisha walikadiria kwa kompyuta uwezo wa jamii hizo wa kutengeneza kemikali. Sifongo ambazo tafiti za awali zilikuta zina kinga kali ya kemikali ndizo zilizokadiriwa kuwa na bakteria wenye uwezo mkubwa.

Ni kazi nzuri, na inaonyesha pa kuchimba. Ila ukadiriaji una mpaka wake: unatabiri uwezo kwa kutazama ndugu wa bakteria waliokwisha julikana, hautoi molekuli mkononi. Pia unawahesabu hata wale wasiokubali kukua maabara, na hapo kisa cha trabektedini kinaweza kujirudia. Sifongo zilizoongoza katika makadirio hayo zinahitaji sasa kupitishwa kwenye hatua za Wisconsin: kukuza wanaokuzika, kuwahifadhi kwenye majokofu ya ubaridi mkali, kupima alama zao za kemikali, kuwachuja, na ndipo kuwapambanisha na vimelea sugu kutoka hospitali zetu wenyewe.

Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Taasisi ya Sayansi za Bahari inayajua matumbawe, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinavijua vimelea. Wanaopanga fedha za utafiti nchini waziunganishe taasisi hizo mbili kwa mradi mmoja, na waanze na ghala la bakteria wa baharini linalohifadhiwa Tanzania, kwa mikataba inayolinda haki ya nchi pale molekuli yenye faida itakapopatikana.