Heko, wazee wa mnada

Katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ibada ya Jumapili ikiisha watu hukusanyika nje, na mzee wa kanisa huinua juu kuku wa sadaka aliyefungwa miguu. “Elfu kumi! Nani anaongeza?”

Nawapongeza wazee hawa kwa dhati. Kwa kazi yao, mama asiye na fedha mkononi hutoa sadaka ya mayai matano, nayo ni sadaka kamili. Mnunuzi hulipa kupita bei ya sokoni, na pengine huyarudisha yanadiwe tena, au humpa bibi mjane aliyekaa pembeni. Hela huenda kwenye mabati ya kanisa au kwa wahitaji. Tena wazee hawa hawadharau kidogo cha mtu: fungu la mchicha hunadiwa kwa bidii ileile anayonadiwa mbuzi.