Wachoraji wa Kurasa 32

Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo wa uchapaji hukunjwa kuwa kurasa 16, na karatasi mbili hutosha hadithi. Ndani ya kipimo hicho mchoraji huhangaika: gauni la msichana lisibadilike rangi, uso usimezwe na mshono wa kitabu, maneno yaachiwe nafasi.

Watoto hawasamehe kosa.

Tangu 1991, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia vitabu vya Kiswahili kufika shuleni. Mzazi anayemsomea mwanawe kimojawapo huanza kwa haraka, kisha hunaswa na kuku aliyejificha nyuma ya chungu, akacheka, akafunua upya kumtafuta. Aliyemchora kuku huyo ni nadra kuulizwa jina.