Mstari wa Nane

Kasenga ni mtaa wa dame. Mbalamwezi inapokomaa, taa za mitumbwi hazivuti ndagala vizuri, wavuvi wengi hubaki nchi kavu, na ubao hutolewa: vifuniko vya Primus upande huu, vya Fanta upande ule. Kete ikifika mwisho wa ubao, hubebeshwa nyingine mgongoni, basi, imekuwa dame. Haiulizwi inataka nini. Sataranji wengi wetu tumeipatia kwenye simu, tukaingia nayo na tabia hiyohiyo: askari akigusa mstari wa nane, kidole kimeshafika kwa malkia, akili iko njiani inakuja.

Na simu zinatulea. Programu nyingi zina mpangilio wa kumpa askari umalkia moja kwa moja, bila kuuliza. Kwangu mimi huko ni kumnyima mchezaji tamu ya mchezo wenyewe. Sheria inasema askari aliyefika abadilike papo hapo. Hawezi kubaki askari, wala hawezi kuwa mfalme. Atakuwa malkia, ngome, askofu au farasi, hata kama wote hao bado wamo ubaoni. Ndiyo maana katika mchezo wa 11 wa kugombea ubingwa wa dunia, Buenos Aires, 1927, Capablanca na Alekhine walifikia malkia wanne juu ya ubao mmoja.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika sataranji ya Waajemi na Waarabu, aliyekaa kando ya mfalme alikuwa waziri, mwendo wake mraba mmoja tu wa mshazari, na askari aliyefika alipewa uwaziri huohuo mnyonge. Malkia alipopata mbio zake huko Ulaya, mwishoni mwa karne ya 15, ndipo safari ya askari ikawa ya kufa na kupona.

Safari hiyo imependwa sana Afrika Mashariki kwa sababu ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende na kuichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010. Filamu ya 2016 ilimwita malkia, na watu wakaona mfano umekaa sawasawa: mdogo ametembea hadi akawa mkubwa. Naipenda habari yake. Mfano wenyewe unanikwaza. Ubaoni askari hakui. Anaondolewa, kete nyingine inawekwa mahali pake. Mutesi alifika kule akiwa Phiona yuleyule.

Turudi ubaoni, kwenye hasara. Askari harudi nyuma, na kila hatua anayokimbilia cheo huacha pengo alipokuwa analinda. Hilo kila mtu hulijua baada ya kufungwa mara kadhaa. Linalouma zaidi ni kufika kwanza na bado usishinde. Mmekimbizana, wewe umepata malkia, yeye askari wake amebakiza hatua moja, mfalme wake yuko ubavuni pake, wako yuko mbali. Askari huyo akiwa safu ya d, kwa kawaida unashinda. Akiwa safu ya a, mfalme wake anajificha konani, na ukimbana hana pa kukanyaga: sare. Akiwa safu ya c, anakuachia askari umle. Ukimla tu, mfalme amekwama, sare tena. Malkia mzima, na hana kazi!

Ufundi wenyewe niuonyeshe kwa padri mmoja. Mwaka 1895, huko Glasgow, Georges Barbier alichapa gazetini fumbo ambalo aliamini mwisho wake ni sare. Kama linavyochapwa leo, mweupe ana mfalme b6 na askari c6. Mweusi ana mfalme a1 na ngome d5. Mweupe anaanza. Askari anasogea c7, ngome inamtishia mfalme kutoka d6, mfalme anashuka b5, kisha b4, kisha b3, ngome ikimfuata mgongoni, mpaka anakanyaga c2. Hapo ngome inarudi d4, na mtego umetegwa: chukua malkia, ngome itajitoa c4, malkia ataila kwa lazima, na mfalme mweusi hana mwendo. Fernando Saavedra, padri wa Kihispania, akaona pa kupitia. Chukua ngome! Sasa kuna tishio la kumfunga mfalme kwa a8; mweusi hana budi kuziba kwa a4; mfalme mweupe anasogea b3, anaigusa ngome ile huku njia ya c1 ikibaki wazi kwa pigo la mwisho. Moja lazima lipite. Jina la Saavedra limebaki hai katika sataranji kwa mwendo huo mmoja: kukataa kikubwa.

Farasi naye ana siku yake. Kuna mtego unaoitwa wa Lasker, ambamo mweusi, mwendo wa saba tu, anakula farasi kwenye g1 na kumgeuza askari wake kuwa farasi anayemtishia mfalme palepale. Malkia asingefika huko.

Na kuna hasara isiyo ya akili kabisa, ya mkono. Mwaka 2017, katika mchezo wa kasi wa kuamua ubingwa wa Kanada, Nikolay Noritsyn alifikisha askari wake, sekunde zikimwishia. Malkia mweusi hakuonekana mezani. Alikuwa mkononi mwa mpinzani wake, Bator Sambuev. Noritsyn akachukua ngome, akaiweka kichwa chini, jinsi watu wanavyofanya mitaani, akaicheza kama malkia. Mwamuzi akasema ngome ni ngome hata ikipinduliwa. Sheria ilimruhusu kusimamisha saa na kuomba malkia. Hakuisimamisha, na ubingwa ukaenda kwa Sambuev.