Kiitikio: Nafasi katika Ubeti au Zamu ya Sauti? Matumizi ya Istilahi Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, istilahi kiitikio, kibwagizo na mkarara aghalabu hutumiwa kama visawe vya mshororo wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti. Usawe huo una msingi. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), alilichukulia shairi kuwa utungo wa kuimbwa. Nalo shairi linapoimbwa, hadhira huweza kuupokea mshororo huo. Utungo ulipohamia kwenye ukurasa, sauti ya hadhira ilitoweka, ikabaki nafasi peke yake.

Kimofolojia, istilahi hizi hazilingani. Kiitikio hutokana na kitenzi itika, yaani kujibu mwito. Kibwagizo hutokana na bwaga, yaani kutupa chini, kama abwagavyo mtu mzigo. Kuitika hudai watu wawili. Kubwaga hutimizwa na mmoja.

Tofauti hiyo ingali hai Mbinga. Katika misa za Kikatoliki, Wimbo wa Katikati huwa na kiitikio kinachotambulishwa kwa alama (K). Mwimbaji hukitanguliza, waumini hukirudia, ndipo beti za zaburi zifuate. Hapa kiitikio hutangulia ubeti, wala hakuna muumini anayekihesabu kuwa mshororo wa mwisho. Vivyo hivyo katika kioda, ngoma ya wanawake wa mwambao wa Ziwa Nyasa: kiongozi huanzisha, kundi hupokea. Kinachokitambulisha kiitikio ni zamu ya sauti.

Hivyo basi, kigezo cha nafasi na urudiaji hakitoshi. Mnukuzi anayekifuata huandika mwitikio wa kioda mara moja, mwishoni, kisha huongeza “×2”. Maneno huhifadhiwa, lakini waitikiaji hufutwa. Wimbo wa kundi husomeka kama utungo wa mtu mmoja. Mtafiti anayefuata, asiyeiona ngoma yenyewe, atauhakiki hivyo.

Yaweza kudaiwa kwamba kuzitenganisha istilahi zilizozoeleka kutawakanganya wanafunzi. Hata hivyo, mkanganyiko mkubwa zaidi ni kuyaita mambo mawili jina moja. Inafaa kiitikio kitumike pale sauti inapobadilika, na kibwagizo pale sauti ileile inapojirudia. Mshororo mmoja waweza kuwa kibwagizo ukisomwa, na kiitikio ukiimbwa. Ni wajibu wa mhakiki kubainisha anahakiki kipi.